Chumba cha D

Mashine ilikataa mara ya kwanza, ikakataa mara ya pili, na Bakari akausogeza mgongo wake ili watu wa benchi wasione kioo. Bure. Watu wa benchi, pale kwenye secrétariat yake ya kuandika na kuchapa karatasi mbele ya soko la Kasongo, walikuwa wamekuja kwa kusudi hilo hilo la kuona. Tangu isikike kwamba Ingénieur anaitia mashine kuukuu roho mpya, hata wasiokuwa na barua ya kuandikiwa walikuwa wamepata sababu ya kupita.

"Inasema nini, Ingénieur?" aliuliza mmoja.

"Inasalimia," akasema Bakari. Watu wakacheka, naye akapata nafasi ya kupumua.

Haikuwa inasalimia. Kompyuta ile ilikuwa inasema kwamba imezeeka na mfumo mpya hauifai. Bakari aliyajua hayo. Lakini angefanyaje? Printa mpya, iliyoletwa kwa mbuzi wa upande wa mke wake waliouzwa mmoja baada ya mwingine, ilikuwa haielewani kabisa na mfumo wa zamani. Ilikaa kwenye kona imefunikwa kitambaa, haijatoa hata ukurasa mmoja, na wakwe walikuwa wameanza kuulizia habari zake kwa sauti ya upole isiyo ya kawaida. Ndipo Fabrice, fundi mmoja aliyepita akitokea Kindu, akamwachia flashi yenye mfumo mpya uliotengenezewa njia ya panya, usioiuliza mashine umri wake. "Ila toa vitu vyako kwanza," Fabrice alimwambia. "Vyote. Viweke inje ya mashine."

Bakari aliitikia. Kuviweka nje kulihitaji diski ya pembeni, na hakuwa nayo. Mtu anayeitwa Ingénieur aseme hana diski? Ulimi ulimgomea. Akafanya wanavyofanya wote mjini, akahamishia kila kitu kwenye D. Mashine ile ilikuwa kama nyumba ya vyumba viwili, C na D. Mfumo hulala C. Ukitaka kuubadilisha unafagia C, na vya D haviguswi. Ndivyo alivyofundishwa, yaani ndivyo alivyoona siku moja akichungulia juu ya bega la mtu huko Kindu, maana chuo chote cha Bakari kilikuwa ni hilo bega. Aliyekuwa akiandika ni mkewe, Hawa. Vidole vya Hawa ndivyo vilivyolisha nyumba. Bakari alileta jina.

Akachomeka flashi ya Fabrice. Safari hii mashine haikuuliza umri. Ilikwenda vizuri, watu wakaguna kwa kuridhika, kisha ikafika kwenye vyumba ikasimama tena. Akafuta C. Bado ikakataa kuendelea. Maandishi yakatoka marefu, ya Kiingereza, na Kiingereza cha Bakari kilikuwa cha kubahatisha.

Serge, kijana wa picha wa mlango wa pili, aliwahi kukaa Kampala. Alikuwa ameegemea nguzo. "Ingénieur, soma kwanza hapo," akasema. "Inauliza kama..."

"Serge, wewe piga picha."

Benchi lote likacheka. Serge akainua mikono, akarudi kwake. Kuuliza si ujinga, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuitwa Ingénieur mbele ya soko. Bakari akaweka mshale juu ya chumba kilichobaki, akabonyeza kufuta. Mashine ikamuuliza mara moja zaidi kama ana hakika. Macho yote yalikuwa kwenye kidole chake. Akabonyeza ndiyo.

Ikapokea. Kabla ya adhana ya Ijumaa mfumo mpya ulikuwa umewaka, kioo kimejaa rangi ambazo mashine ile haikupata kuonyesha tangu inunuliwe. Printa ikaondolewa kitambaa, ikatoa ukurasa wa majaribio, maandishi meusi safi. Watu walipiga makofi. Msikitini walimpa mkono hata wale ambao kwa kawaida huwa hawamwoni, na Bakari alitembea kurudi polepole, ili heshima isimwagike njiani.

*

Hawa alikuwa amekaa mbele ya mashine, mikono mapajani.

"Baba Mounira, D iko wapi?"

"Iko."

"Iko wapi? Mimi niko naona C tu."

Bakari akavuta kiti. Akafungua huku, akafungua kule. Palipokuwa na vyumba viwili palikuwa na ukumbi mmoja mpana, mtupu, umefagiwa. Akaelewa pole pole, kama mtu anayepapasa mfuko uliotoboka. Akampigia Fabrice simu, akimwambia kwamba ni rafiki yake fulani aliyefanya hivyo. Fabrice hakuhangaika kujua ni rafiki gani. "Mufumo mupya umeshalala juu yake," akasema. "Mwambie rafiki yako pole."

Barua, mialiko ya harusi na vyeti vya watu vingeandikwa upya, na watu wangenuna wakasahau. Kilichomkausha mate Bakari kilikuwa kimoja. Esther-Divine, binti aliyetoka Kabambare kuja kusoma hapa, alikuwa anamaliza. Kazi yake ya mwisho, mémoire kama wanavyoiita, iliyohusu mpunga wa kwao, Hawa ndiye aliyeiandika, ukurasa kwa ukurasa, mvua zote zile. Ilikuwa imesahihishwa, inangoja printa tu. Jumatatu binti asimame nayo mbele ya waalimu. Asipokuwa nayo, hasimami, na mwaka unakwenda. Alikuwa ameomba atiliwe nakala kwenye simu, na Bakari ndiye aliyemjibu: "Ya nini? Ndani ya hii mashine iko salama kuliko benki."

"Tutaandika upya," akasema Bakari. "Karatasi zake za mukono si ziko?"

Hawa akaweka kiganja mdomoni.

"Ziko wapi, Mama Mounira?"

"Nilimupa Latifa."

Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Katika mji ule kila secrétariat ina mwuza mandazi wake. Kazi ikishasahihishwa, karatasi za mkono zinakwenda kwake kufungia, na asubuhi mandazi mawili matatu ya watoto yanakuja bila kuulizwa bei. Latifa alikuwa dada yake Bakari. Asubuhi ile ile wote walikula mandazi yake. Bakari akajaribu kukumbuka yalikuwa yamefungwa na nini, akakumbuka wino wa kijani. Esther-Divine aliandika kwa kijani tupu, kwa sababu baba yake alipokwenda kuuza mchele Salamabila kwa wachimba dhahabu, kalamu za bei nafuu alizozikuta zilikuwa za rangi hiyo, akanunua boksi zima. Bakari aliifutia vidole karatasi ile, akaitupa mtaroni.

Hawa alijifunga kitenge vizuri, akatoka mbio.

*

Hajafika mbali, Esther-Divine akaingia na baba yake.

Mzee Célestin alikuwa mkulima wa upande wa Lusangi. Alikuwa amefika jana yake nyuma ya pikipiki, na vumbi lilikuwa bado kwenye mikunjo ya koti lake, koti la harusi lililombana mabegani. Kwapani alikuwa na jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa ukambaa. Mkono wa pili aliutia mfukoni mwa koti, akautoa kusalimia tu, kisha akaurudisha.

"Ingénieur, jambo sana. Mutoto aliniambia kazi yake yote iko kwako."

"Iko, baba."

"Basi tumekuja kuichukua. Niione kwa macho, hata kama kusoma sijui."

Ukurasa wa majaribio ulikuwa mezani, mweusi safi. Bakari akauwekea kiwiko. "Imprimante haina wino," akasema. "Wino uko njiani kutoka Kindu. Mupite kesho."

Esther-Divine alitazama kile kiwiko. Alikuwa binti asiye na maneno mengi. "Papa Bakari, walisema asubuhi ilitoa," akasema taratibu. "Watu walipiga makofi."

"Ilitoa moja, ikakauka."

Mzee Célestin akamtazama Bakari kitambo. Halikuwa jicho la hasira, ndiyo maana lilikuwa gumu kulikabili. "Hakuna neno," akasema mwishowe. "Mambo ya mashine ni mambo ya mashine." Akamtoa jogoo kwapani, akamshika kwa mikono miwili. "Kwetu, mutu akikusaidia mutoto wako, haumwachi mikono mitupu. Huyu ni wako na mama."

Mikono ya Bakari ikapokea. Ingefanya nini? Mdomo nao ulikuwa unasema asante, asante sana baba, Mungu akuzidishie. Walipoondoka alimfunga jogoo kwenye mguu wa meza. Jogoo akajitikisa manyoya, akawika katikati ya mchana, na mtu mmoja kutoka benchi akauliza Ingénieur anafuga siku hizi?

*

Hawa alirudi na Latifa, naye Latifa alilia kabla hajaulizwa. "Yaya," akamwambia kaka yake, "si mulinipa wenyewe? Siku zote munanipa!" Akamwaga kikapu chini. Karatasi za kijani zilizobaki zilikuwa kama nusu, na mafuta hayajazigusa. Nusu nyingine ilikuwa imekwenda na mandazi: stendi ya pikipiki za Salamabila, wanawake wa mchele, na kwa mama Régina anayeuza chai.

Bakari alisema yeye abaki alinde mashine.

"Ulinde nini?" Hawa akamwuliza. "Mule hamuna kitu."

Wakaenda wote. Hawa alitangulia, kichwa kimenyooka, akimsalimia kila mtu kwa zamu kabla ya kuomba karatasi iliyofungia mandazi. Wengine walidhani ana jambo kichwani. Mama mmoja alikuwa ameifunikia sinia ya maharagwe, akaitoa na kusema pole bila kuuliza pole ya nini, na Bakari akaona afadhali angetukanwa. Pale stendi, dereva mmoja alikataa kutoa yake mpaka anunuliwe mandazi mengine, maana ameikalia ili suruali isichafuke. Bakari akanunua. Karatasi ilitoka na moto wa kiti cha pikipiki.

Kwa mama Régina taka zinatupwa kwenye shimo nyuma ya jiko. Bakari aliinama na kijiti, akichokoa majani ya chai na maganda ya mayai, koti lake la Ijumaa amelikunja mikono. Mwenye macho haambiwi tazama. Vijana wa pikipiki walisogea.

"Ingénieur! Système mupya inatafutwa kwa shimo?"

"Facture," akasema Bakari. "Nilipoteza facture moja, karatasi ya malipo."

Mama Régina alimgeukia Hawa, akauliza kwa sauti ya chini, lakini sauti ya chini ya mama Régina inafika barabarani. Hawa akajibu bila kutikisika. "Ni mimi, mama. Nilitoa karatasi za mutu bila kufikiri. Mume wangu ananisaidia tu kutafuta."

Bakari alisikia. Alikuwa na kijiti mkononi na mdomo wake ulikuwa mzima. Neno moja lingetosha. Badala yake alikohoa, akaendelea kuchokoa, na vijana wakaanza kumsifu kwamba ni mume mwema, wachache wangejidhalilisha hivyo kwa makosa ya mke. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Siku ile maiti alikuwa hai, ameinama shimoni, anasikia anavyooshwa.

Waliporudi secrétariat, Hawa alizitandaza karatasi kwenye mkeka, akanyunyiza unga wa muhogo juu ya zile zilizolowa ili unywe mafuta. Hakugombana. Alipoulizwa na Mounira, binti yao, kama jogoo apikwe, alisema, "Huyo hatuwezi kumukula," akaendelea kunyunyiza. Bakari angependa agombe. Kulikuwa na kurasa chache hazionekani, na ule wa kwanza kabisa ulikuwa mmojawapo.

*

Asubuhi, jua lilipoifikia paneli ya umeme juu ya paa na mashine ikawaka, mzee Célestin na binti yake walikuwa wameshafika mlangoni. Hapakuwa na pa kuficha chochote. Mkeka ulikuwa katikati ya sakafu, umejaa kijani na unga.

Esther-Divine alisimama. Kisha akapiga magoti, akainua karatasi moja, akaipuliza unga, akaisoma, akainua nyingine. Hakulia. Alianza kuzipanga.

"Mwanangu," Hawa akaanza, "kosa ni langu. Mimi nilitoa karatasi zako..."

Mzee Célestin akainua mkono kumzuia. Wa pili akautoa mfukoni. Ulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye doa la mafuta katikati na mwandiko wa kijani pande zote za doa. "Na hii mutaihitaji," akasema.

Hakuna aliyeipokea upesi, kwa hiyo akaiweka mezani.

"Jana asubuhi nilikunywa chai kwa yule mama," akaeleza. "Walinipa mandazi ndani ya hii. Kusoma sijui, lakini rangi ya kalamu nilizonunua mwenyewe naijua. Nikamuomba mutu anisomee. Akasoma jina la mutoto wangu, na jina langu. Na lako, Ingénieur."

"Ulikuwa unajua," Hawa akasema, "ukakuja tena na jogoo?"

"Ya karatasi nilijua. Ya mashine sikujua, nikasema labda ile kazi iko mule ndani, hakuna shida. Halafu nikasikia habari ya wino." Akakohoa kidogo. "Jogoo alikuwa ametoka nyumbani kwa jina la Ingénieur. Ningemurudisha namna gani? Ningewaambia nini watu wa kwangu?"

Bakari alitazama mguu wa meza. Jogoo alikuwa anadonoa unga wa muhogo. Kule nje benchi lilikuwa limeanza kupata watu wake, na Serge alikuwa anafungua mlango wake, na Bakari alijua kwamba akisema, atasema mbele ya wote, kwa sababu ukuta wa secrétariat ni mbao na mbao zina nyufa.

"Hawa hakukosa," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, akairudia. "Mama Mounira hakukosa kitu. Ni mimi. Niliifuta kazi ya mutoto. Serge aliniambia soma kwanza, sikusoma, sababu Kiingereza sikijui, na sikutaka watu wajue. Na wino uko. Tangu jana uko."

Alikuwa ametegemea kitu, hasira au msamaha, chochote cha kushika. Nje mtu alicheka, akanyamazishwa.

"Défense ni Jumatatu, waalimu hawangoji," Esther-Divine akasema akiwa bado magotini. "Kurasa zisizoko nitaandika tena, nazikumbuka. Mama Hawa, unaweza kumaliza?"

"Nikisomewa, naweza. Kama nikitazama hizi mwenyewe, mafuta yamekula maandishi, nitachelewa."

Binti alikuwa na kalamu yake ya kijani, ana kurasa zake za kuandika. Baba yake hajui kusoma. Aliyebaki alikuwa mmoja. Bakari akavuta kiti, akakaa karibu na mkewe.

"Tuanze mwanzo," akasema Hawa. Akaweka vidole tayari.

Mwanzo ulikuwa ile karatasi iliyokunjwa mara nne. Bakari akaikunjua. Ilikuwa ya shukrani, kwa Kifaransa kizuri cha shule. Akasoma. Binti alimshukuru Mungu. Alimshukuru baba yake, aliyeuza mchele mpaka mashimoni ili yeye asome, na mzee, aliposikia jina lake kati ya maneno asiyoyaelewa, alivua kofia. Aliwashukuru waalimu. Hawa aliandika kila alichosikia. Alikuwa ameshaiandika karatasi hii mara moja, mvua zikinyesha, naye alijua kilichomo chini ya doa la mafuta.

"Na mwisho," Bakari akasoma, "kwa Ingénieur Bakari..."

Vidole vya Hawa vilisimama juu ya herufi.

"Hii tuiruke," Bakari akasema.

"Niliiandika mimi," alisema Esther-Divine kutoka mkekani, bila kuinua kichwa. "Sikuifuta."

Bakari akamtazama mkewe. Hawa alikuwa anatazama kioo.

"Soma, Baba Mounira," akasema. "Siwezi kuandika kitu sijasikia."

Bakari akaisogeza karatasi kwenye mwanga. "Kwa Ingénieur Bakari," akasoma, "ambaye aliitunza kazi yangu kama kwamba ni ya mtoto wake mwenyewe." Akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye benchi, na Hawa akaandika yote, pamoja na nukta.